Maiti wa Wapelelezi Wanne

Jumatatu, 3 Machi

Dukani kimya tangu asubuhi. Nimejilaza kidogo kwenye godoro la maonyesho, lile nene la dirishani. Si uvivu. Muuza magodoro asiyeonekana amelala, nani atamwamini? Jua likapenya pazia, likanikalia tumboni kama paka. Nikaelea.

Nilipofumbua macho, mtu alikuwa amesimama juu yangu, kichwa kakiinamisha upande, ananitazama kwa makini mno. Mwembamba, nywele timutimu, sauti ya chini kama ya mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Akaomba kuazima kitanda. Nikamwuliza cha nini. Akasema cha filamu.

Filamu! Inapigwa katika ile nyumba ya ghorofa mkabala na duka, yenye ngazi za mbao, iliyokaa bila wapangaji muda mrefu. Yeye ndiye mwongozaji. Ni filamu ya kuchekesha, akanieleza, ya kuwatania wapelelezi mashuhuri wa runinga. Yumo yule wa kunusanusa. Hapa atashikwa na mafua. Yumo yule asiyeachana na mwavuli; hapa hatapita mlangoni. Yumo yule mama asiyeketi kamwe, eti anayeketi hudanganywa. Hapa miguu itamvimba. Na juu yao wote yuko Mpelelezi Mkuu, ambaye hajui lolote, ila kila wenzake wakigundua kitu yeye husema, "Nilijua tangu mwanzo." Wamekusanywa kutafuta nani kamuua tajiri mmoja nyumbani kwake. Usaili ni kesho alasiri, na yeyote anakaribishwa.

Mpelelezi Mkuu ni mimi. Nimekulia mbele ya runinga. Najua jinsi wanavyogeuka mlangoni wakati mshukiwa anadhani yamekwisha.

Jioni nimemwambia mke wangu kwamba nimeshachaguliwa. Si uongo, ni kweli iliyotangulia siku moja. Akaacha kukunja nguo, akanitazama. Mwaka jana nilipoleta nyumbani mashine ya kutotolea vifaranga alinitazama pia, lakini si hivi. Hapohapo akampigia mama yake simu.

Kikwazo ni shemeji. Kaka wa mke wangu, kinyozi, mtu wa maneno mengi na meno meupe. Naye kasikia habari kutoka kwa mteja. Akaja kuniuliza saa ya usaili. Nimemwambia asubuhi na mapema. Atakaa pale peke yake, atachoka, ataenda zake. Safi kabisa.

Jumanne, 4 Machi

Shemeji ndiye Mpelelezi Mkuu.

Niandike taratibu, labda nitaelewa. Alifika asubuhi na mapema kama nilivyomwelekeza. Hakumkuta mtu isipokuwa mwongozaji, ameketi kwenye ngazi anakunywa chai. Shemeji hawezi kuona nywele timutimu akanyamaza. Akafungua mkoba wake, akamfunga mwongozaji taulo shingoni, akamnyoa palepale huku akipiga soga. Kila mwongozaji aliposema jambo, shemeji akamjibu kwamba hilo alilijua zamani. Vinyozi wote huongea hivyo. Mpaka masikio yanafutwa povu, kazi ameshapewa.

Mimi nilifika alasiri, koti limepigwa pasi. Wengine walikuwa wengi mbele yangu. Ukumbini nikakiona kitanda chetu, kile nilichokiazimisha mwenyewe, nikaona niketi kidogo nikumbuke maneno yangu. Dirisha lilikuwa wazi. Pazia lilikuwa likivuta pumzi na kuitoa. Watu waliongea mbali, mbali, kama wako ng'ambo ya mto.

Nikasikia sauti ya chini ikisema, "Huyu. Huyu ndiye maiti wangu."

Nilipozinduka wote walikuwa wamenizunguka wakipiga makofi. Mwongozaji akasema hajapata kuona mtu anayelala kwa moyo wote namna ile, kwamba aliniona jana dukani na tangu hapo hajatulia. Nikamweleza kuhusu kugeuka mlangoni. Akanishika bega kwa upole, akasema filamu nzima inaanza na maiti, na maiti asipoaminika hakuna atakayeamini kitu kingine.

Hilo ni kweli. Nikatembea nalo hadi nyumbani. Mke wangu akauliza usaili wa wengine umekwendaje. Nikamwambia kaka yake amepata nafasi ya maiti, maskini, asimtajetaje. Kisha nikapita kwa shemeji, nikamwambia mwongozaji amekataza waigizaji kuzungumzia kazi majumbani. Siri ya kazi. Akajibu kwamba alilijua hilo.

Alhamisi, 6 Machi

Siku ya kwanza ya kupiga picha. Mke wangu alinipigia pasi shati, akanifuta vumbi begani, akaniambia nisimzidi sana kaka yake.

Nimevalishwa koti jeusi la kitajiri. Nimelazwa sakafuni, kwenye zulia lenye maua, kisu cha mpira kando yangu. Sitakiwi kufanya lolote. Ni kazi ngumu kuliko watu wanavyofikiri. Pua huwasha. Mate hujaa.

Lakini yako mambo ambayo mtu aliyesimama hayaoni. Dari ya chumba kile imepigwa lipu ya maua, na katikati maji yamechora doa kubwa la rangi ya chai. Ukilitazama kupitia kope, doa linatembea. Mara ni kisiwa, mara ni mwanamke anaosha miguu. Taa zinavuma. Nyayo zinapita karibu na sikio, na kwa nyayo nikawajua wote: mnusaji anaburuta kisigino, mama asiyeketi anahamisha uzito huku na huku, mtu wa mwavuli anagongagonga. Shemeji anatembea kama mwenye nyumba. Sauti zao zilinifikia zimelainika, zimepoteza kingo. Nikajiona niko chini ya maji yenye joto, nao wanavua samaki juu yangu.

Kisha nikakoroma.

Fundi sauti akavua vile vya masikioni na kuuliza ni trekta gani. Wakarudia. Nikakoroma tena. Mwongozaji hakukasirika, ila aliinama akaninong'oneza kwamba marehemu hupumua kidogo sana. Shemeji akasema, bila kuulizwa, kwamba alijua tangu mwanzo. Chumba kizima kikacheka. Na hapo mswada haukuwa na maneno yale!

Nyumbani mke wangu akataka nimwonyeshe angalau kipande kimoja. Nikamwonyesha kugeuka mlangoni. Akapiga makofi. Sijui kwa nini yale makofi yalinichoma.

Ijumaa, 7 Machi

Nimegundua kosa langu. Maiti hatazamwi kwa sababu hana kitu. Akiwa na kitu mkononi, kamera lazima imjie.

Asubuhi, wakati wa kuvaa, koti la shemeji lilikuwa limetundikwa ukutani. Nikang'oa kifungo. Kikubwa, cha kahawia. Nikajilaza kwenye zulia langu nimekifumbata. Hesabu yangu ilikuwa hivi: wanakiona kifungo, kamera inanisogelea, uso wangu unajaa skrini. Tena shemeji anaduwaa, anasahau maneno yake, pengine anabadilishwa.

Mama asiyeketi ndiye aliyekiona. Akainama, akanifungua vidole, akakiinua juu. Wengine wakatazamana, hakuna aliyeandikiwa kifungo. Nikasikia nyayo za shemeji zikija. Zikasimama. Akakichukua kifungo, akakitazama. Akatazama koti lake, pale palipobaki nyuzi. Akakitazama kifungo tena. Nilikuwa nimefumbua jicho moja kidogo sana, nikaona jasho likimtoka.

Akasema polepole, "Nilijua tangu mwanzo." Akatoa pingu mfukoni, akajifunga mwenyewe.

Mpiga picha alicheka mpaka kamera ikatikisika. Mwongozaji, mtu wa sauti ya chini, alipiga ukelele. Akasema huo ndio mwisho aliokuwa akiutafuta kwa mwaka mzima: Mpelelezi Mkuu anagundua kuwa muuaji ni yeye. Siku nzima iliyobaki wamekuwa wakiandika upya. Shemeji kaongezewa mengi mno. Atalia, atajihoji mwenyewe mbele ya kioo, atajaribu kujitoroka.

Mimi nimeombwa nisishike kitu chochote tena.

Jumapili, 9 Machi

Mama mkwe amewasili na sanduku lake, kuja kuona mkwe wake akiwa nyota. Huyu mama amewatazama wapelelezi wa runinga tangu enzi za picha zisizo na rangi, na humtaja muuaji kabla chai haijapoa. Hajawahi kukosea. Jirani zake huwa hawataki kutazama naye.

Alinipokea kwa mikono miwili, akanibariki. Alasiri mke wangu alikwenda sokoni, tukabaki wawili sebuleni. Joto tulivu. Nzi mmoja dirishani. Mama mkwe alikuwa akipiga miayo, macho nusu, nami nikadhani anasinzia, nikaanza kusinzia naye. Tukawa tunaelea pamoja, kila mtu kwenye kiti chake.

Katika hali hiyo akaniuliza, kama aotaye, iwapo lile koti jeusi kitini ndilo ninaloigizia. Nikasema ndilo.

Akauliza mwanawe, shemeji yangu, anaendeleaje na kazi yake ya kulala. Nikasema vizuri, anajitahidi.

Akapiga mwayo tena. Kisha akasema, macho bado nusu, "Mwanangu, mimi nimepitia kwa shemeji yako kabla ya kuja hapa. Suruali yake imechubuka magotini. Mtu anayepeleleza huchubuka magoti. Koti lako wewe lina vumbi la zulia mgongoni tu."

Nzi aliacha kuvuma.

"Wewe ndiye maiti," akasema mama mkwe.

Nikamwomba asimwambie mke wangu. Nikamweleza yote, hata kifungo. Alicheka kwenye kifungo tu, akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Akasema yeye mambo ya mtu na mke wake hayaingilii, ila siku filamu itakapoonyeshwa hatakaa mbali, kwa sababu anataka kuona binti yake atafanya nini. Mke wangu akarudi na kikapu, akatukuta tunacheka, akasema amefurahi kuona tunapatana.

Jumatatu, 10 Machi

Siku ya mwisho ya kupiga picha. Nimeamka na mpango mkubwa kuliko yote.

Katika tukio la mwisho wapelelezi wote wanne wanasimama kunizunguka na shemeji anakiri. Hapo, kabla hajamaliza, mimi nitaketi. Maiti anaketi! Nitasema: "Sikufa. Nilijua tangu mwanzo." Maneno yake mwenyewe, kinywani mwangu, mbele ya kamera. Mwongozaji anapenda mambo yasiyoandikwa. Alilipenda la kifungo, atalipenda hili. Mke wangu ataniona nikisema neno la mwisho la filamu. Uongo wangu wote utageuka kweli kwa sentensi moja.

Nikajilaza mapema. Nikayarudia maneno kimoyomoyo. Taa zilikuwa nyingi kuliko siku zote, joto lake lilinifunika kama shuka iliyotoka kupigwa pasi. Mama asiyeketi akaanza kutuhumu. Mnusaji akapiga chafya. Nikasubiri. Doa la dari likajongea, likashuka karibu na uso wangu, likawa mlango.

Nikaingia. Ndani kulikuwa na korido ndefu, na kila mlango niliofungua ulikuwa na magodoro yamepangwa hadi darini, na juu ya kila rundo ameketi mtu nimjuaye. Kwenye rundo moja alikuwa mama mkwe na mwavuli. Kwenye jingine mwongozaji ananyolewa na mvua. Mwisho wa korido mke wangu alikuwa akikunja nguo, kila nguo anayokunja inageuka ndege mweupe na kuruka, naye hashangai, anachukua nyingine. Nikataka kumwambia jambo fulani, la kweli, lililokuwa fupi na rahisi. Nilikuwa nalo kabisa.

Nikafumbua macho. Taa zimezimwa. Kamera hazipo. Mtu kanifunika blanketi hadi kidevuni. Nje magari yalikuwa yakipakia vyuma.

Nikaketi. Nikasema, kwa sauti kubwa, "Sikufa. Nilijua tangu mwanzo."

Mama aliyekuwa akifagia chumba akasema ni vizuri, basi nisogeze mguu.

Jumamosi, 12 Aprili

Imeonyeshwa leo alasiri, kwenye ukumbi wa mtaa, madirisha yamezibwa kwa mapazia ya duka letu. Kwa wiki nzima nilijaribu kuzuia. Nilimwambia mke wangu filamu imeungua. Nilimwambia imepigwa marufuku. Akavaa gauni la harusi ya dada yake, akaalika wenzake wote wa kazini. Tukaketi safu ya mbele: mama mkwe, mke wangu, mimi, shemeji. Jasho langu lilikuwa la mtu aliyepelekwa kizimbani.

Giza. Picha. Zulia lenye maua. Na juu ya zulia, mimi.

Sikuthubutu kugeuza shingo. Nilihisi mkono wa mke wangu, uliokuwa kwenye mkono wangu, ukiondoka. Kisha shemeji akatokea kwenye skrini, amegeuka mlangoni, nikasikia pumzi ya mke wangu ikiingia na kukaa huko ndani. Alimtazama kaka yake. Akanitazama mimi.

Watu walicheka. Mafua ya mnusaji, mwavuli mlangoni, yote. Shemeji alipojifunga pingu ukumbi uliinuka. Nikajiambia angalau imekwisha.

Haikwisha. Tukio la mwisho. Wanasimama wanne, wanalaumiana, wanalia, shemeji anapiga magoti na kukiri. Kamera ikawaacha wote. Ikashuka taratibu hadi kwangu, ikabaki hapo. Nilikuwa nimelala, tena kwa kina, na nilikuwa nikitabasamu. Si la kuigiza. Tabasamu la mtu anayeona kitu kizuri mahali ambapo wengine hawafiki. Wao juu wanagombana nani kamuua, na maiti mwenyewe hana neno na mtu.

Kicheko kilianza nyuma kabisa, kikaja kama maji. Kikapungua. Watu wakabaki wakitazama tu ule uso, mpaka picha ikafifia.

Nje, mwanga wa alasiri ulituumiza macho. Watu walimbeba shemeji mabegani. Wenzake mke wangu wakampa pole, wengine hongera. Walikuwa hawajui lipi linafaa. Tukatembea kuelekea nyumbani, sisi watatu. Nilisubiri. Nilikuwa tayari kwa lolote: kilio, kukumbushwa mashine ya vifaranga, kutukaniwa jina la baba yangu.

Kwenye kona akasimama. Akasema, "Nyumbani hulali hivyo. Hutabasamu. Ulikuwa unaota nini?"

Ningeweza kumwambia kuhusu korido, magodoro, mvua inayonyoa. Kulikuwa na mengi. Nikasema, "Wewe. Ulikuwa unakunja nguo."

Alinitazama muda, akitafuta uongo. Ulikuwa mwezi mzima wa uongo, ana haki ya kutafuta. Hakuupata, kwa sababu haukuwepo. Akanishika mkono, akasema nikimdanganya tena atanifanya maiti wa kweli, na hatahitaji kisu cha mpira. Mama mkwe, aliyekuwa nyuma yetu, akakohoa kwa namna ya mtu aliyeridhika na kesi.

Nimeahidi. Nimeahidi kwa moyo wangu wote. Najisikia mwepesi, msafi, kama chumba kilichopigwa deki. Nimekuwa mtu mwingine.

Jumatano, 16 Aprili

Kuna tangazo jipya kwenye mlango wa ukumbi. Tamthilia ya hospitali, ya runinga kabisa. Wanatafuta daktari mkuu.

Nimelipita tu. Sikusimama. Nimesimama kidogo.

Kutwa nzima kwenye godoro la dirishani nimekuwa nikijiona kwenye korido nyeupe, nimevaa koti jeupe, wauguzi wananifuata mbiombio, nami nageuka mlangoni. Daktari hawezi kulala kazini. Kwa hiyo hakuna hatari yoyote. Hili ni jambo tofauti kabisa na lile.

Mke wangu sijamdanganya. Nimemwambia tu kwamba mambo ya udaktari yako karibu kukamilika.

Shemeji naye kaliona tangazo, kaja kuniuliza nina habari gani. Sikumpotosha saa, hiyo ilikuwa hila ya kitoto. Nimemwambia kwa huruma kwamba wanataka watu wenye nywele nyingi, daktari asiye na nywele anaonekana mgonjwa, na yeye zake ni nzuri ila zinaanza kupungua utosini. Akajishika kichwa. Akaenda zake.

Ijumaa, 18 Aprili

Shemeji kafikiri siku mbili juu ya zile nywele zinazopungua utosini, akaona heri aziondoe zote. Kanyoa kichwa kizima, kinang'aa kama sahani. Nimefurahi mno. Nikaenda kusoma tangazo tena, safari hii lote, hadi mstari wa chini wenye herufi ndogo.

Mwenye upara atapewa kipaumbele.

Haidhuru. Usaili ni kesho. Naenda kumnunulia kofia.